Bolti Isiyoshika

Pikapu ya baba mkwe wake ilikuwa na mlio wake, na Mama Breki aliutambua hata akiwa chini ya lori la mtu mwingine. Asubuhi ile kulikuwa na mlio wa ziada. Kila gari lilipopunguza mwendo, kitu kiligonga upande wa mbele: ko, kimya, ko. Alitulia pale chini, mgongo juu ya kipande cha kadibodi, akasikiliza hadi gari likasimama mbele ya gereji. Kisha ikaja honi. Mzee alipiga honi akifika, akiondoka, akikata kona, hata akipishana na kuku, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Honi.

"Nakuja, Baba," alisema, ingawa bado hakuwa na nguvu za kujivuta atoke.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mwenye viganja vilivyoota sugu. Gereji ilikuwa ya mumewe. Yeye alianza kwa kumletea chakula cha mchana, akawa anamshikia taa, akawa anampa spana kabla hajaiomba, mwisho akawa anafungua na kufunga mwenyewe huku mume anakula. Breki alizijua kuliko mumewe, na mumewe alilisema hilo bila kinyongo. Alipofariki, ndugu walikaa kikao, wakaona vifaa viuzwe na mjane afunguliwe kibanda cha mboga. Mzee Honi ndiye aliyesimama. Alichukua funguo za sanduku la vifaa akaziweka kiganjani mwa mkwe wake mbele ya wote. "Vitu hivi vina mwenyewe," alisema, kisha akaomba maji ya kunywa, na kikao kikaishia hapo.

Tangu wakati huo waliishi nyumba moja, yeye na mzee. Binti yake aliolewa mbali. Mama Breki alifungua gereji asubuhi, akarudi jioni, akapika, akafua, akasikiliza malalamiko ya mzee kuhusu goti, jirani na taarifa ya habari. Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulikuwa umeshahamia mwilini na kuja na godoro lake kabisa.

Alipotoka chini ya lori alimkuta mzee amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Inagonga kidogo tu," mzee alisema. "Kidogo hivi." Akaonyesha kwa vidole. Vidole vikatetemeka, akavirudisha mfukoni upesi.

Mama Breki alipiga jeki, akatoa tairi la mbele, akaingiza mkono nyuma ya kalipa, lile kopo zito la chuma linalobana pedi kwenye diski. Kalipa hushikwa na bolti mbili. Ya chini ilikuwa imara. Ya juu ilizunguka kwa kidole kama kifuniko cha chupa. Aliivuta ikatoka bila ubishi, imezungukwa na vipande vyembamba vya chuma, kama nywele zilizobaki kwenye kitana.

"Nani alifunga hii, Baba?"

Mzee akalitazama lori kana kwamba ndilo lililoulizwa. "Pedi zilikuwa zimeisha. Nikanunua mpya. Jumapili wewe ulikuwa umelala mchana, nikaona nisikuamshe kwa jambo dogo."

"Ikaingia kirahisi?"

"Mwanzo ilikataa. Nikaweka spana, nikaongeza na bomba, ikakubali."

"Haikukubali, Baba, uliilazimisha. Imeingia upande, ikala uzi wote wa ndani."

"Lakini nilikaza."

"Ulikaza, ndiyo."

Hakuwa na moyo wa kusema zaidi. Bolti yenyewe si kitu, bolti hununuliwa. Shida ilikuwa tundu. Uzi uliokufa, ile mikato ambamo bolti huzunguka na kushika, ulikuwa ndani ya chuma kile kizito kinachobeba gurudumu, na kukata uzi mpya mle kulitaka chuma kizima kitolewe: diski, kitovu cha gurudumu, viungo vya usukani, kila kimoja kimeshikwa na kutu ya miaka. Bega lake la kulia lilianza kuuma kwa kuwaza tu. Na lori lilikuwa linamsubiri, na mwenye lori alikuwa anapiga simu kila alipovuta pumzi.

"Iache hapa," alisema. "Nitaiangalia."

Mchana alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, muuza saruji, mtu wa haraka anayeongea huku anatembea. Aliiona pikapu imeinuliwa, akauliza, akaelezwa. Akamvuta Mama Breki pembeni, karibu na lango, ingawa mzee alikuwa amekwisha kurudi nyumbani kwa miguu.

"Shemeji, hii ni bahati."

"Bahati gani?"

"Si umeona alivyovunja bomba la maji la jirani? Juzi kapita na beseni la yule mama muuza mitumba, mama mwenyewe kaponea chupuchupu. Mimi nikimwambia aache, ananiuliza nani alinifundisha kuendesha. Wewe anakusikia. Mwambie imekufa."

"Haijafa."

"Najua haijafa! Mwambie tu. Gari lipumzike, na sisi tupumzike."

Mama Breki alijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Kila mzee alipotoka na gari, yeye alifanya kazi akiwa amekaza meno hadi asikie honi ya kurudi. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ilikuwa kwamba neno "pumzika" lilimwingia kama maji ya baridi. Akisema gari limekufa, hakuna kufungua kitovu, hakuna kupigana na kutu. Baadaye, kilichomuuma ni kwamba hakuweza kutenganisha hofu yake na uchovu wake, ajue ni ipi iliyosema ndiyo.

"Sawa," alisema. "Nitamwambia."

Alimwambia jioni hiyo hiyo, wakila uani, jua halijazama.

"Baba, ile pikapu. Haitengenezeki."

Mzee aliacha tonge mkononi. "Kabisa?"

"Chuma kinachoshika breki kimekwisha. Na kwa gari la zamani vile, kingine hakipatikani."

Alitegemea ubishi. Mzee huyu aliweza kubishana na redio. Lakini aliliweka tonge kwenye sahani yake, akatazama ukuta, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Basi. Wewe ukisema limekwisha, limekwisha."

Alipomaliza aliinuka, akaenda kuosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wahamie pamoja. Mama Breki alisikia maji yakimwagika muda mrefu kuliko sahani moja inavyohitaji.

Shemeji alilivuta gari hadi nyumbani kwa lori lake la saruji, likawekwa kando ya ukuta, upande mmoja juu ya matofali. Wiki ile mzee aliamka kama kawaida, akavaa shati la kutokea, akakosa pa kutokea. Alipangusa vioo vya pikapu. Alikaa ndani yake, mlango wazi, akasikiliza habari na hakuzipinga. Jirani aliyevunjiwa bomba, mtu mwenye ulimi mkali, alichungulia ukutani akauliza, "Vipi Mzee, leo barabara salama?" Mzee akamjibu kwa upole, "Mkwe wangu kapima, kasema limekufa. Na huyo hakosei." Mama Breki alikuwa anaanika nguo. Alilikung'uta shuka moja mara nyingi, asigeuke.

Ijumaa alirudi kutoka gereji miguu ikiwaka moto. Alimkuta mzee amechuchumaa mbele ya gari, spana mkononi, anahangaika na bolti ya chini ya kalipa. Mkono ulitetemeka, spana ikateleza, akaanza upya.

"Baba, unafanya nini?"

"Natoa pedi. Hizi bado mpya kabisa, zimfae mtu. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu nimemwambia aje achukue lililobaki."

Alisimama pale na mkoba begani. Kulikuwa na mambo mengi angeweza kusema, na mengi yalikuwa mazuri. Lililotoka ni fupi.

"Acha, Baba. Inatengenezeka."

Mzee hakuinua kichwa. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Siku ya pili tu niliichukua ile bolti nikampelekea Nusu Mili." Huyo alikuwa fundi wa mashine za kuchonga vyuma, jirani wa gereji, aliyepewa jina hilo kwa sababu kwake kila kosa duniani lilikuwa la nusu mili, yaani nusu milimita. "Akasema kazi ya asubuhi moja."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilikuona siku ile ulivyokuwa unavua viatu. Ulikaa na kimoja mkononi mpaka nikadhani umesinzia. Nikasema, huyu amechoka, amenikatalia kwa adabu. Nisimsumbue."

Mama Breki alishusha mkoba, akakaa chini pale pale kwenye udongo, mgongo kwenye tairi la nyuma. Hasira ingekuwa nyepesi kuibeba kuliko huruma hii.

"Nilichoka, ndiyo," alisema. "Lakini si hilo tu. Naogopa, Baba. Ukitoka na gari naogopa. Macho yako hayaoni vizuri pembeni, na mikono yako hii unayoificha mfukoni mimi naiona. Ningekuambia hivyo siku ile. Nikaona rahisi kulisingizia chuma."

"Mwanangu ndiye aliyekutuma."

"Aliniomba. Nikakubali mwenyewe."

Mzee akaiweka spana juu ya boneti ya gari kwa uangalifu mkubwa, kama yai. "Nimebeba watu na mizigo yao kabla mume... kabla mumeo hajazaliwa," alisema, maneno yakimkwama kwa ghadhabu. "Sijaua mtu. Sasa nimekuwa mtoto wa kudanganywa, chuma kimekwisha, peremende zimekwisha." Akaingia ndani akafunga mlango. Usiku ule Mama Breki alikula peke yake, amesimama.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Aliamka na bega lake linalouma, akanywa chai ya rangi, akatandika kadibodi uani. Hakuwa na hakika kwamba gari lile lingeendeshwa tena, wala na nani. Alijua tu kwamba alikuwa ametoa hukumu ya uongo juu ya chuma, na hilo hakuweza kuliacha lilivyo. Aliifungua kalipa akaitundika kwa waya ili mpira wa mafuta ya breki usivutwe. Akatoa diski. Kutu ilimgomea kwenye viungo vya usukani; akapiga nyundo, akapaka oili, akapumzika, akapiga tena. Mara mbili alikaa kitako akatazama mbingu bila kuwaza chochote. Chuma kilipoachia hatimaye, kilimwangukia mapajani, akakilaani, kisha akakitia kwenye beseni akakibeba kichwani hadi kwa Nusu Mili.

"Nilijua utakuja," Nusu Mili alisema. "Mzee kanipitia. Nikamwambia Mama Breki hawezi kusema hiyo imekufa, labda umesikia vibaya."

"Alisikia vizuri."

Nusu Mili akamtazama usoni, akaacha maswali. Akakibana chuma kwenye jiriwa, chini ya drili ya kusimama. Kwa kuwa tundu la chini lilikuwa zima, walilitumia hilo kama kipimo, ili la juu litoboke likiwa limenyooka nalo. Mama Breki alishika taa na kuchungulia.

"Kulia kidogo."

"Nusu mili?"

"Nywele."

"Haya, nywele." Akasogeza.

Drili ilishuka, ikala uzi uliokufa wote hadi chuma kisafi kikang'aa. Kisha zamu ikawa ya Mama Breki. Alichukua tepu, ile fimbo ya chuma kigumu yenye meno ya kukata uzi, akaidondoshea oili, akaanza kuizungusha kwa mikono miwili: mbele kidogo, nyuma kidogo ili mabaki yakatike, mbele tena. Hii ni kazi isiyotaka nguvu wala haraka, na mikono yake iliijua hata kichwa kikiwa kimelala. Ukiona inagoma, unarudi nyuma. Bega lilimwambia aachie. Akalibadilishia mkao, akaendelea.

Nusu Mili, kwa upande wake, alichonga bushi ya chuma, kijibomba kifupi chenye uzi nje na ndani. Nje uingie kwenye tundu jipya, ndani uipokee bolti. Mwishoni alikiachia ukingo mpana upande wa pili, ili kadiri bolti inavyokazwa, ukingo uzidi kung'ang'ania chuma na bushi isivutike itoke. Waliiingiza pamoja. Iliingia kwa ugumu unaofaa. Mama Breki alichukua bolti mpya akaianzisha kwa vidole bila spana, ikazama taratibu hadi mwisho, laini, bila kuyumba. Akafunga macho kidogo.

"Umefurahi?" Nusu Mili akauliza.

"Nimechoka," alisema, "lakini hiyo ni nzuri."

Aliporudi, mzee alikuwa ameketi kizingitini. Hakumsalimu. Alimwangalia akirudisha chuma mahali pake, kitovu, diski, kalipa, pedi. Mama Breki aliikaza bolti ya juu kwa spana ya kipimo, ile inayolia inapofika kipimo chake, na ilipolia hakuongeza hata kidogo. Kisha akakumbuka mafuta ya breki, yaliyokuwa meusi kama kahawa, na kazi ya kuyabadilisha ni ya watu wawili.

Akabaki na mpira wa kutolea mafuta mkononi. "Baba, naomba unisaidie kukanyaga breki."

Alisikia goti la mzee likilia na mlango wa gari ukifunguka.

"Kanyaga," alisema.

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Achia. Kanyaga tena."

Walienda hivyo, gurudumu kwa gurudumu, mpaka mafuta yakatoka meupe bila povu. Mguu wa mzee haukutetemeka. Walipomaliza Mama Breki alirudisha tairi, akalishusha gari kutoka kwenye matofali, mzee bado yuko kwenye usukani.

"Nifike nalo mwisho wa njia," alisema. "Polepole. Ukae hapa pembeni. Nione kazi yako."

Angeweza kukataa. Aliitazama ile njia ya nyuma ya nyumba, iliyonyooka, yenye magodauni yaliyofungwa mchana ule, akapanda.

Mzee aliendesha vizuri. Alikanyaga breki mara moja kujaribu, gari likasimama papo hapo, hakuna ko, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaongeza mwendo kidogo. Upande wa kushoto, kati ya magodauni mawili, mtu alikuwa anatoka akisukuma mkokoteni uliojaa magodoro. Mama Breki alimwona mapema. Alingoja mzee amwone. Mkokoteni ukaingia barabarani na mguu wa mzee ulikuwa bado kwenye mafuta.

"Baba! Breki!"

Alikanyaga. Pikapu iliinama mbele, ikashika, ikasimama ikiwa imegusa godoro la mwisho, ikaliyumbisha, basi.

"We mzee!" msukuma mkokoteni alifoka, akizunguka kuhesabu miguu yake. "Macho umeyaacha nyumbani?"

Mama Breki alishuka kumwomba radhi. Mtu yule alitukana kidogo, akapangusa godoro, akaendelea na safari yake. Mama Breki aliporudi kitini, mzee alikuwa amezima injini. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, wazi, na haikufichwa.

"Sikumwona," alisema. "Kabisa. Nilikuwa namtazama na sikumwona."

Mama Breki alivuta breki ya mkono.

Mzee alifungua mlango, akashuka, akalizunguka gari akijishikilia kwenye bodi, akaja upande wa abiria. "Sogea," alisema.

Alisogea nyuma ya usukani. Kiti kilikuwa mbali na yeye ni mfupi. Alikivuta mbele, akarekebisha kioo. Njia nzima hadi nyumbani mzee hakusema neno ila moja, kwamba anabadilisha gia mapema mno.

Jioni mzee alimpigia simu mwanawe, sauti ikisikika hadi jikoni. "Gari zima. Ndiyo, zima. Ataliendesha yeye, mizigo ya gereji ni mingi. Mimi nimeacha. Hapana, hakuniambia mtu. Na wewe usimtume tena shemeji yako kusema uongo, hajui. Anasema vibaya sana."

Mambo hayakunyooka yote. Ziko asubuhi mzee aliamka amekasirika, akadai magodoro yale yalikuwa na rangi ya ukuta. Shemeji alikaa muda bila kuja, kisha akaja na mfuko wa saruji kuziba ufa wa uani, hakuomba msamaha na hakuombwa. Mama Breki aliendesha pikapu kwenda na kurudi gereji, mzee kando yake akikosoa kila kona, na miguu ikapungua kuwaka moto jioni. Bega halikupona. Nusu Mili alimwambia apate wa kumsaidia kazi nzito. Akasema atafikiria, akasahau kufikiria.

Ila Jumamosi ile, baada ya simu, mzee alikuja jikoni kuuliza chakula kimefikia wapi. Sufuria ilikuwa inachemka. Mkwe wake alikuwa kwenye kigoda, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo, mikono yenye grisi imelegea magotini. Mzee alipunguza moto, akatafuta mwiko, akautafuta kwenye droo zote bila kupiga kelele, akaukuta, akaanza kukoroga.